Kabla ya kupaka rangi: sola ya maji moto huanzia kwenye ramani

Simu tunazopigiwa dukani kwetu mwezi wa saba hufanana. Nyumba imekwisha, vigae vya bafu vinang'aa, familia imehamia, na baridi ya Nairobi imebisha hodi. Mwenye nyumba anataka sola ya maji moto, na anaitaka wiki hii. Tunakwenda, tunapanda juu ya paa, tunashuka, tunaingia bafuni, na hapo ndipo mazungumzo yanapokuwa mazito: ukutani kuna bomba moja tu, la maji baridi.

Mama mmoja wa Ruiru alitukatiza hapo hapo. "Si nyinyi mnauza tangi? Lileteni basi!" Tangi tungelileta hata siku ile, lakini maji ya moto yangeshukia wapi? Ikambidi achague: ama avunje vigae vya bafu mbili ambavyo bado alikuwa hajamaliza kuvilipia, ama tupitishe bomba nje ya ukuta. Akachagua nje. Maji moto anayo, hana malalamiko, ila kila akiingia getini jicho lake huenda kwenye lile bomba kwanza.

Basi haya tunamwandikia yule ambaye bado ana ramani mkononi, au ambaye kuta zimesimama lakini plasta haijapigwa. Aliyekwisha kuhamia asome pia, ila yeye maji ameshayavulia nguo, na huenda akayaoga baridi kidogo.

Sheria iliuliza swali mapema

Watu wengi wanadhani habari ya sola kuwa lazima ni uvumi wa mafundi wanaotafuta kazi. Si uvumi. Mwaka 2012 Kenya ilitunga kanuni za kupasha maji kwa jua, chini ya Sheria ya Nishati ya 2006. Zilisema jengo linalohitaji zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku lifungwe sola na itumike. Majengo yaliyokuwepo yakapewa miaka mitano. Mzigo hakubebeshwa mwenye nyumba peke yake: msanifu na mhandisi walitajwa pia, na kampuni ya stima ikakatazwa kuunganisha umeme kwenye jengo lisilotimiza sharti. Faini ilifika hadi shilingi milioni moja.

Lita 100 zinasikika nyingi mpaka upige hesabu. Kanuni zenyewe zilikadiria lita 30 kwa kila mtu kwa siku, maji ya nyuzi 60. Watu watatu ni lita 90, wamepona. Akizaliwa wa nne ni lita 120, na nyumba ya kawaida kabisa imeshaingia ndani ya sheria.

Tena hazikudai jua lifanye kila kitu. Zilitaka mtambo utoe angalau asilimia 60 ya maji moto kwa hesabu ya mwaka mzima. Barcelona nako waliweka kiwango hicho hicho cha asilimia 60 mwaka 2000, na kanuni za Afrika Kusini za 2011 zilitaka angalau nusu ya maji moto katika majengo mapya yapashwe kwa njia nyingine, si kwa koili ya stima. Kwa hiyo fundi anayekuahidi kwamba hutanunua tokeni za maji moto maishani mwako anakuahidi zaidi ya ilivyothubutu kudai serikali.

Wenye majumba ya kupangisha walinung'unika, na hawakukosa hoja. Anayenunua mtambo ni mwenye jumba, anayepunguziwa tokeni ni mpangaji. Matokeo yake tumeyaona kwa macho yetu: tangi linang'aa juu ya paa, bomba halijaunganishwa popote. Limewekwa lionekane kutoka barabarani. Siku moja tuliitwa "kurekebisha sola isiyopasha maji" kwenye jumba la ghorofa tano, tukakuta haijawahi kutiwa hata tone la maji.

Tangu hapo mambo ya sheria yamesogea. Sheria ya Nishati ya 2019 iliweka mdhibiti mpya wa nishati, EPRA, mahali pa yule wa zamani, ERC, na Kanuni za Ujenzi za Kitaifa za 2024 zimechukua nafasi ya zile za 1968. Usijenge kwa kutegemea nakala ya zamani uliyotumiwa kwenye WhatsApp. Mwambie msanifu wako aulize kaunti na EPRA kinachotakiwa wakati anapowasilisha ramani. Lakini hata ukiziweka faini kando, mimi binafsi nilizipenda zile kanuni za 2012 kwa jambo moja. Zililazimisha swali la maji moto liulizwe wakati nyumba bado ni mistari kwenye karatasi, na kulijibu wakati huo ni bomba chache za ziada tu na siku moja ya fundi.

Hesabu ya nyumba ya watu watano

Watu watano kwa lita 30 ni lita 150. Kuyatoa maji hayo nyuzi 20 hadi nyuzi 60 kunahitaji takriban yuniti saba za stima kila siku. Chukua bili yako, tazama bei ya yuniti pamoja na kodi zake zote, zidisha kwa saba, halafu kwa thelathini. Hatutakuandikia jibu hapa kwa sababu bei hubadilika kila mwezi, ila ukae kwanza ndipo upige hesabu.

Wenye shawa za kichwani za kupasha papo hapo hutuambia zao hazili stima kwa sababu hazina tangi. Shawa ya kilowati 5.5 ikiwaka dakika kumi imekula karibu yuniti moja. Watu watano asubuhi, mmoja wao akiwa kijana wa miaka kumi na sita, utajaza mwenyewe.

Sasa jua. Nairobi hupata wastani wa karibu yuniti tano za nishati ya jua kwa kila mita mraba kwa siku, ukichanganya miezi mizuri na mibaya. Mtambo wa lita 150 kwa kawaida huja na paneli ya mita mraba mbili hivi, na mtambo mzuri hunasa karibu nusu ya jua linaloufikia. Hiyo ni yuniti tano kati ya saba. Julai, mawingu yakikaa tangu asubuhi hadi jioni, hushuka chini ya hapo. Februari maji hukuchoma. Utaona kwamba ile asilimia 60 haikuokotwa hewani.

Pengo linalobaki hujazwa na koili ya stima iliyomo ndani ya tangi. Hapa watu wanapoteza pesa bila kujua. Ukiiacha koili ikiwaka usiku kucha, jua linapochomoza linakuta maji yameshakuwa moto, halina kazi ya kufanya. Umenunua sola, unalipia stima. Weka saa ya kuiwasha mwisho wa jioni, baada ya jua kupewa nafasi yake, na siku za jua izime kabisa. Na usishushe kipimo chini ya nyuzi 60 ukidhani unaokoa: maji ya uvuguvugu yanayokaa tangini ni makao ya bakteria. Kama kuna watoto, weka vali ya kuchanganya maji moto na baridi kabla hayajafika bafuni.

Maji yako yanatoka wapi?

Hili ndilo swali letu la kwanza kwa mteja, kabla ya bajeti, na wengi hushangaa. Mteja wa Kitengela au Syokimau anayetumia maji ya kisima chenye chumvi na yule wa maji ya kaunti hawawezi kuuziwa kitu kimoja.

Mitambo ya bei nafuu ni ile ya mirija ya glasi isiyo na presha, ambayo maji unayooga hupita ndani ya mirija yenyewe. Kwa maji laini inafanya kazi vizuri, na kukiwa na mawingu hufanya vizuri kuliko watu wanavyodhani. Kwa maji magumu ya kisima, ukoko mweupe hujijenga ndani ya mirija na kwenye koili kama ule ulio ndani ya birika lako la chai, unene ukiongezeka mwaka hadi mwaka mpaka joto halipiti. Mwenye maji hayo tunamshauri mfumo wa mzunguko wa pekee: kimiminika maalumu kinazunguka kwenye paneli na kupasha maji ya tangi kutoka nje, kisichanganyike nayo kamwe. Bei iko juu, ndiyo. Huo huo ndio tunaowafungia wa Limuru na Tigoni, kwa sababu nyingine: usiku sakitu inapounguza majani ya chai, hutaki maji yagande ndani ya bomba za shaba za paneli yako.

Ndani ya tangi la chuma kuna fimbo ya magnesiamu inayoliwa na kutu kwa niaba ya tangi. Ikiisha, kutu huhamia kwenye tangi lenyewe. Ni kitu kidogo, kinabadilishwa kwa nusu saa, na kati ya matangi yanayovuja tunayoitiwa, mengi hayajawahi kufunguliwa kuitazama.

Mambo ya kuchora sasa

Urefu. Kwenye mfumo usio na presha, tangi la maji baridi lazima liwe juu kuliko tangi la sola, maana maji hayapandi mlima kwa hisani. Wajenzi wengi huweka yote mawili kwenye slabu moja, halafu wanashangaa shawa ya moto inadondoka kama machozi. Kisha mwenye nyumba ananunua pampu ya kuongeza presha, anaifunga kwenye tangi lisilotengenezwa kwa presha, na tangi linapasuka kwenye mshono. Tumeliona hilo mara tatu, na mara zote tatu pampu ilikuwa wazo la shemeji.

Uzito. Mtambo wa lita 300 ukijaa maji unavuka kilo 400. Mbao za paa la mabati hazikukusudiwa kubeba uzito huo katikati ya kuta mbili. Mhandisi akijua mapema, anaongeza boriti kwa gharama ndogo.

Umbali ndio unaosahaulika zaidi. Bomba la plastiki la PPR la milimita 25 lenye urefu wa mita 15 hubeba takriban lita tatu za maji yaliyopoa, ambayo lazima yamwagike kabla ya moto kufika. Kila mtu, kila mara, na jikoni pia. Ukiweza kuzipanga bafu na jiko karibu na mahali tangi litakapokaa, umeokoa maji na subira. Bomba lenyewe liwe la maji moto, lenye mstari mwekundu, livikwe sponji. PVC ya kawaida hulegea.

Upande wa paa hauwasumbui wateja wetu kama unavyowasumbua watu wa Ulaya. Tuko karibu mno na ikweta. Jua hupita kaskazini nusu ya mwaka na kusini nusu nyingine. Kuelekea kaskazini kuna faida kidogo, kwa kuwa miezi ya baridi jua liko huko. Kivuli ndicho adui. Tazama mgrevilea wa jirani, na zaidi ya mti, itazame ploti tupu iliyo pembeni yako: Ruaka na Roysambu jua la mtu huzibwa kwa miezi minane tu ya ujenzi.

Kama paa halitoshi

Jumba la ghorofa lenye nyumba arobaini halina paa la kutosheleza wote, na hapo tunakuwa wakweli. Pampu ya joto huvuta joto la hewa na kulisukuma ndani ya maji. Kwa yuniti moja ya stima hutoa joto la yuniti tatu hivi, na inatosha kwenye roshani. Ina kelele kama friji kubwa, na fundi anayeijua vizuri si wa kila mtaa.

Mwenye shamba Nyeri au Kinangop ana miti yake ya kupogoa, na kuni booster, yaani mtambo wa kupasha maji kwa kuni, itampa maji ya moto kwa moto wa muda mfupi. Iwekwe nje, bomba la moshi lipite juu ya paa. Mwenye ng'ombe na biogesi ajipikie nayo kwanza, kinachobaki ndicho cha maji. Na Mombasa? Tunaweza kukuuzia, lakini kwa maji yanayotoka bombani yakiwa na uvuguvugu tayari, tangi dogo linatosha, tena wageni wako hawatalitumia mwezi wa pili.

Kabla ya kumlipa fundi yeyote, sisi tukiwemo, mwombe akuonyeshe leseni yake ya EPRA na akuandikie mambo manne: lita, aina ya mfumo, muda wa dhamana ya tangi na muda wa dhamana ya kazi. Dhamana hizo mbili si kitu kimoja, na mara nyingi ya kazi ndiyo fupi.

Ukija dukani, njoo na ramani hata kama ni ya penseli, picha ya paa iliyopigwa saa sita mchana na nyingine saa kumi jioni, na idadi ya watu wanaolala nyumbani siku za shule na siku za likizo. Kama maji yako ni ya kisima, beba na chupa ya nusu lita. Tutayapima palepale, na huenda tukakuuzia kitu tofauti kabisa na kile ulichokuja kununua.