Risala ya Wanakikundi wa Mfano wa Reli ya Kusini kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonyesho ya Ufundi, Mtwara

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule,
Waheshimiwa wajumbe wa Bodi ya Shule,
Walimu wetu, wazazi na walezi,
Wanafunzi wenzetu,
Mabibi na mabwana,

Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha hapa tukiwa wazima wa afya. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa, kwa kuacha shughuli zako nyingi ukaja kukaa nasi katika joto hili la Mtwara, tena kwenye ukumbi ambao feni yake moja ndiyo inayofanya kazi. Karibu sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Ulipopita kwenye meza yetu uliiona treni ikitembea, ukauliza kuhusu injini na daraja. Hayo tuliyajibu palepale, hatutayarudia. Tunaomba risala hii izungumzie kitu ambacho wageni karibu wote hukipita bila kukitazama: vibango vya matangazo ya zamani tulivyobandika kwenye kuta za maduka, kwenye uzio wa stesheni na juu ya pampu ya mafuta. Vingi ni vidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Lakini vimetuchukulia muda kuliko mabehewa, na kwa maoni yetu ndivyo vinavyoitofautisha kazi hii na mchezo wa watoto.

Wako vijana wa mkoa huu, hata watu wazima, wanaoshangaa kusikia kwamba Mtwara iliwahi kuwa na treni. Ilikuwepo. Baada ya Vita ya Pili ya Dunia Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula na ya kutengenezea sabuni. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa United Africa Company, alipendekeza karanga zilimwe kwa mashine hapa Tanganyika. Serikali ya Uingereza ikakubali, na maeneo yaliyochaguliwa yakawa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Karanga za Nachingwea zilihitaji njia ya kufika baharini. Reli ikaanzia Mkwaya, kwenye hori la Lindi, na baadaye ikaunganishwa na Mtwara, ambako bandari ya kina kirefu ilijengwa kwa ajili ya mpango huohuo. Januari 1951 mpango ukatangazwa kuachwa, hasara ikiwa pauni milioni 36 hivi. Reli ikabaki ikitafuta mzigo. Ikapata hata tawi la kwenda Masasi, lakini mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa na vyuma vikang'olewa.

Hiyo ndiyo reli tunayoijenga kwa kipimo cha 1 kwa 87. Njia halisi ilikuwa na upana wa mita moja, kwa hiyo kwenye meza inatakiwa kuwa milimita 11 na nusu. Tunatumia ya milimita 12, ile inayouzwa kwa mifano ya treni ya kipimo cha TT, kilicho kidogo kuliko chetu, tuliyopewa na ndugu mmoja aliyerudi kutoka Ujerumani. Stesheni yetu ni ya kubuni na hatukuipa jina la mahali popote, kwa sababu tungeambiwa na wazee kwamba mwembe ulikuwa upande wa pili.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Kwa nini matangazo? Kwa sababu bango hutaja mwaka hata pale lisipoandikwa mwaka. Behewa la metageji, yaani la reli ya upana wa mita moja, la mwaka 1949 na la mwaka 1960 mtu wa kawaida hawezi kuyatofautisha. Lakini mtu akibandika ukutani bango lenye neno Tanzania, ameharibu meza nzima, kwa kuwa jina hilo lilianza kutumika rasmi Oktoba 1964, na treni zetu zilikuwa zimeshaacha kutembea. Behewa likiandikwa E.A.R. & H., hilo ni sawa, kwani shirika la pamoja la reli na bandari za Afrika Mashariki lilianza mwaka 1948. Alama ya Shell nayo ina zamani zake: katika miaka ya reli yetu neno SHELL liliandikwa katikati ya ganda lenyewe, na ganda lile jipya lililorahisishwa limekuja mwaka 1971. Mtu mwenye macho akiliona ganda jipya juu ya pampu yetu atajua hatukufanya kazi ya nyumbani. Kadhalika bei: senti na shilingi za Afrika Mashariki zilitumika mpaka mwaka 1966, hivyo bei yoyote ukutani iwe ya wakati ule.

Katika vibango vyote, tunachokithamini zaidi ni cha sabuni ya Sunlight kilichopo ukuta wa duka unaotazama njia. Jina la Sunlight lilisajiliwa na kampuni ya Lever mwaka 1884. Kampuni hiyo baadaye ikawa sehemu ya Unilever, na United Africa Company ya huyo Frank Samuel ilikuwa mali ya Unilever. Yaani Mheshimiwa, waliotaka mafuta ya karanga zetu na waliotuuzia sabuni walikuwa ukoo mmoja. Tulipoligundua hilo tulikihamisha kibango kutoka nyuma ya duka tukakiweka pale ambapo kila behewa tupu linalokwenda Nachingwea lazima lipite mbele yake. Wageni hawaulizi, ila sisi tunajua.

Kuhusu utengenezaji, tutasema kidogo, maana wazazi wengine wameuliza kama tunavinunua. Hatununui. Bango halisi la bati lenye sentimita 90 kwa 60 linakuwa milimita 10 kwa 7 kwenye kipimo chetu. Herufi ya sentimita 10 inabaki na urefu wa milimita moja na kidogo. Tunatafuta picha ya bango la zamani, tunainyoosha kwenye kompyuta kama ilipigwa upande, tunaipunguza, kisha tunakwenda steshenari kuchapisha kwa nukta 600 kwa inchi. Chini ya hapo herufi zinageuka madoa. Kijana wa steshenari alidhani tunachapisha stempu.

Baada ya hapo kazi ni ya wembe na rula ya chuma. Karatasi inakatwa, kisha mgongo wake unasuguliwa kwa msasa laini mpaka iwe nyembamba, maana karatasi ya picha isiposuguliwa inaonekana ukutani kama kipande cha mbao. Halafu kuna ukingo. Karatasi iliyokatwa ina ukingo mweupe, na weupe ule mwembamba ndio unaoipa jicho taarifa kwamba hii ni karatasi. Tunaupitishia kalamu ya rangi nyeusi au kahawia pande zote nne. Ni jambo dogo, linachukua muda mfupi sana, na hakuna kinachobadilisha kibango kuliko hilo. Kwa mabango ya mviringo tunatumia mashine ya ofisini ya kutoboa karatasi: tundu lake la milimita 6 linatoa bango ambalo kwa ukubwa halisi lingekuwa kama sentimita 52.

Matangazo yaliyopakwa rangi moja kwa moja ukutani yanataka njia nyingine. Hayo tunayachapisha kwenye karatasi nyepesi, tunaisugua karibu kutoboka, tunailoweka katika gundi nyeupe iliyotiwa maji, kisha tunaikandamiza kwa brashi mpaka iingie kwenye mashimo ya plasta. Kuta za mfano wetu tumezifanya za mawe ya matumbawe na chokaa, kama za Mikindani, kwa hiyo mashimo hayakosekani. Ikikauka, tangazo linaonekana limepasuka pamoja na ukuta.

Sasa kutu. Hapa, Mheshimiwa, ndipo tulipobishana sana. Mabango ya zamani yalikuwa ya enameli ileile ya sahani na bakuli za bibi zetu: unga wa kioo ulioyeyushwa juu ya chuma kwa joto la nyuzi 800 hivi. Kioo hakioti kutu. Rangi yake inaweza kukaa miaka mingi ikiwa bado inang'aa. Kinachooza ni chuma kilicho chini, na kinaanza kuoza pale tu kioo kilipobanduka, hasa kwenye matundu ya misumari, ambapo fundi alipiga nyundo kwa nguvu, na kwenye kona zilizopigwa mawe na watoto. Kwa hiyo anayepaka kutu bango zima amelifanya kuwa bati la paa. Sisi tunaanzia kwenye misumari minne: kidoa cheusi katikati, duara la kahawia kukizunguka, kisha mchirizi mwembamba kwenda chini kama mvua ilivyoushusha. Kahawia hiyo ni kutu halisi iliyokwanguliwa kwenye ndoo mbovu ya shule na kusagwa. Bango linalotazama baharini, upande unaopigwa na kusi na chumvi yake, tunalitia kutu zaidi kuliko la upande wa pili. Mwishoni tunapitisha vanishi isiyong'aa juu ya yote, ambayo pia inausaidia wino usififie haraka.

Rangi nazo tunazipunguza makali. Nyekundu kali kwenye bango la milimita 10 hupiga kelele chumba kizima. Ukutani hapo nje, mtu akisimama mbali, vumbi na hewa huipoza. Tukiichapisha ikiwa imechanganywa na kijivu kidogo, inatulia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Kuna matangazo yasiyopatikana kwenye picha yoyote, nayo ndiyo ya kwetu hasa: kibao cha kinyozi, cha fundi cherehani, cha mwenye hoteli ya chai, vilivyoandikwa kwa mkono na mchora mabango ambaye herufi zilimwishia nafasi akabana za mwisho. Kwa hivi tulikwenda kuuliza wazee. Mzee mmoja wa Mikindani alitupa somo ambalo hakuna mwalimu angelitupa. Alituonyesha banda lake la kuku. Mlango wake ni bati zito la buluu, limegeuzwa maandishi ndani. Tukaingiza kichwa, tukasoma nusu ya neno, nusu nyingine imekatwa kupitisha bawaba. Kuku hawakufurahi. Baada ya ziara hiyo tuliongeza banda la kuku nyuma ya stesheni yetu, na mlango wake ni bango lililokatwa. Tunaomba ukipita tena ulitafute. Hatutakuonyesha lilipo.

Lipo pia suala la sigara na pombe. Matangazo hayo yalikuwa mengi katika miaka ile, na baadhi ya wenzetu walisema kuyaacha ni kudanganya historia. Wengine walisema hii ni shule, na wadogo zetu wa kidato cha kwanza ndio wanaosimama karibu zaidi na meza. Mwafaka wetu ni bango moja la sigara, kwenye ukuta wa nyuma, ambalo kutu imekula jina lote. Anayejua atajua. Mwalimu mlezi amelikagua na kulipitisha, ingawa alitabasamu kwanza.

Jambo jingine tulilojifunza ni kutobandika kila tulichonacho. Stesheni ya porini haikuwa sokoni. Tuna bahasha iliyojaa vibango vilivyokamilika ambavyo havitaingia mezani kamwe, na kumshawishi mwanachama aliyekata kibango chake jioni nzima kwamba hakina nafasi ni kazi ngumu kuliko kukikata.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mafanikio hayo hayakosi vikwazo. Unyevu wa hapa hukunja karatasi kila masika, na vumbi likichanganyika na chumvi linashika kwenye vanishi lisitoke. Tunaomba, kwa kupitia kwako, tupatiwe kabati la kioo la kufunika meza hii. Fundi wa hapa mjini ametupatia makadirio, na Mkuu wa Shule anayo barua yake.

Ombi la pili halihitaji fedha. Magazeti ya zamani kama Mambo Leo na Tanganyika Standard yalikuwa na matangazo ya biashara, na tungependa kuyaona kwa macho yetu badala ya kutegemea picha za intaneti, ambako bango lililotengenezwa juzi huuzwa kwa jina la kale. Tunaomba barua ya utambulisho kwenda Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Wanachama wawili na mwalimu mmoja watatosha. Nauli ya basi tunachangishana.

La tatu ni kwa wazazi wote mliopo. Wanunuzi wa chuma chakavu wanapita mitaa ya Shangani, Chuno hadi Mikindani, na bati la enameli wanalipima kwa kilo kama vyuma vingine. Kabla hujaliuza, tuite tulipige picha na kulipima kwa futikamba. Dakika tano tu, kisha liuze ukipenda. Na kama limekuwa mlango wa banda, tutakuja wakati kuku wametoka.

Mwisho, Mheshimiwa, tumekuachia kibango kimoja hakijabandikwa. Ni cha fundi cherehani, kimeandikwa kwa mkono na mwanachama wetu wa kidato cha pili kwa brashi yenye nyuzi chache sana. Nafasi yake ni juu ya mlango wa kibaraza cha duka, kushoto. Koleo ndogo na gundi vipo mezani, na miwani ya kukuzia ipo kama utaihitaji. Tunakuomba ukibandike wewe.

Tunaomba kuwasilisha.

Imesomwa na Katibu wa kikundi, kwa niaba ya wanachama wote.