Mafundi Wakristo tusimsingizie Mungu ucheleweshaji wetu

Ndugu Mhariri,

Msomaji mwenzangu aliandika humu hivi karibuni kwamba Wakristo tunapoteza muda mwingi wa uzalishaji kwa sala, mikesha na jumuiya, yaani vikundi vidogo vya majirani wanaosali pamoja. Mimi ni seremala, karakana yangu iko Lizaboni hapa Songea, na jumuiya yetu husali kila Jumamosi alfajiri. Naomba nafasi nimjibu, kwa sababu naona amemkamata asiye mwizi.

Sala ikianza saa kumi na mbili asubuhi, saa moja na nusu nimeshafungua karakana. Hapo hakuna kazi ya mtu iliyokwama. Kazi hukwama kwenye advansi, na mafundi wenzangu wanalijua hilo vizuri. Mteja analeta fedha ya kabati la mninga. Fundi anaipokea, lakini hainunui mninga. Ananunulia mbao za kitanda cha mteja aliyetangulia, ambaye advansi yake ilishaliwa. Siku ya ahadi mwenye kabati anafika, anaambiwa: "Njoo Ijumaa, Mungu akipenda." Fundi anajua kuwa Ijumaa hakutakuwa na kabati, maana mbao zenyewe bado ziko kwa muuzaji. Kabati litaanza siku atakapotokea mteja wa tatu na advansi yake. Wakulima wakishauza mahindi, na wenzetu wa Mbinga wakishalipwa kahawa, oda zinamiminika na deni hili linazidi kurithishwa kutoka mteja hadi mteja. Mama wa watu anaacha shamba au genge lake, analipa bodaboda, anakuja kuambiwa arudi. Siku yake imeliwa, na hakuna atakayemrudishia.

Hilo "Mungu akipenda" ndilo linaloniuma kuliko yote. Mtume Yakobo, katika sura ya 4 ya barua yake, anawaonya wafanyabiashara waliokuwa wakipanga safari na faida ya mwaka mzima kana kwamba kesho wameinunua. Anawafundisha waseme, Bwana akipenda tutaishi na kufanya hivi au hivi. Alitaka mtu akiri kwamba uhai wake umo mikononi mwa Mungu. Hakutupa maneno ya kumwondolea mteja mlangoni. Anayeweka jina la Mungu juu ya ahadi ambayo moyoni ameshaivunja amelitaja bure jina hilo, na amri ya pili tunaijua tangu mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Mithali 3:28 inatukataza kumwambia jirani aende arudi kesho hali tunacho anachokitaka. Sasa yule anayemwambia hivyo kwa kuwa fedha ya jirani ameshaitumia, tumweke wapi?

Ufundi nilijifunza Peramiho, kwa Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki waliofika pale mwaka 1898. Pale niliona jinsi sala na kazi zinavyokaa nyumba moja bila kugombana. Kengele ikilia, bruda anaweka randa chini. Ubao uwe umebaki kipande cha mkono mmoja tu, hasemi "namalizia hiki." Na sala ikiisha anarudi benchini moja kwa moja, hasimami njiani kupiga soga. Sisi vijana tulidhani ni ukali wa wazungu, lakini mabruda Waafrika nao walifanya vivyo hivyo. Ni Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, kitabu cha taratibu za maisha ya watawa kilichoandikwa karne ya 6, na mambo yake ni ya karakana kabisa. Sura ya 43 inamtaka mmonaki aache chochote alichoshika mara asikiapo ishara ya sala. Sura ya 48 inasema uvivu ni adui wa roho, kisha inapanga saa za kazi ya mikono na saa za kusoma Maandiko, kwa majira mbalimbali ya mwaka. Sura ya 31 inataka vyombo vyote vya monasteri vitazamwe kama vyombo vya altare. Tangu nilipoisikia hiyo sijaweza kuiona patasi ikitupwa sakafuni nikanyamaza. Na sura ya 50 inawahusu wanaofanya kazi mbali: wasali hapo hapo walipo, saa ile ile. Nikiwa juu ya jengo napachika fremu za milango, ikifika saa sita mchana tunasimama na vijana wangu, tunasali Malaika wa Bwana, tunaendelea. Ni dakika chache, na hakuna mwenye nyumba aliyewahi kulalamika.

Kwa hiyo namkubalia msomaji jambo moja tu, kwamba saa ya mtu mwingine si yangu kuitolea sadaka. Kama nimeahidi kitanda Alhamisi, siwezi kwenda kwenye mkesha Jumatano nikaamka nimechoka, kisha nikajiona mtakatifu mbele ya mwenye kitanda. Mkesha ninaupenda. Naupanga wiki ambayo sina ahadi ya kesho yake.

Karakana yangu ina daftari. Kila mteja ana ukurasa wake, na advansi yake inaandikwa pamoja na mbao iliyonunua. Mbao zikiwa mbichi namwambia siku ile ile anayoweka oda kwamba zitahitaji muda wa kukauka, la sivyo mlango utapinda. Wengine huenda kwa fundi mwingine anayewaahidi haraka, na hiyo ni haki yao. Simu inakaa kwenye droo hadi mapumziko, maana makundi ya kwaya, kamati ya harusi na jumuiya yakianza kutumiana ujumbe, randa haitembei. Msiba ukitokea jirani tunaacha yote tutengeneze jeneza, kwa sababu marehemu hawezi kungoja. Ila hapo hapo nampigia simu mwenye kazi iliyosogezwa. Sijapata kumwona mteja anayemkasirikia fundi kwa ajili ya jeneza. Wanakasirika wakifika mlangoni ndipo waambiwe. Jumapili hatufungui, hata wiki ya kuelekea Noeli ambapo kila mtu anataka sofa yake ifike kabla ya wageni.

Nao viongozi wetu wa kanisa wanaweza kusaidia sana. Kikao kinatangazwa saa nane mchana, kinaanza saa tisa na nusu, na waliowahi ndio wanaoadhibiwa kwa kusubiri. Ile sura ya 43 ina huruma kwa wachelewaji: inaagiza Zaburi ya 94 (ya 95 katika Biblia nyingi) kwenye sala ya usiku iimbwe polepole ili wapate kufika. Lakini huruma hiyo ina urefu wa zaburi moja. Baada ya hapo aliyechelewa hasimami mahali pake pa kawaida, na sala haimngojei. Ningefurahi halmashauri za walei (waumini wasio mapadre wala watawa) za parokia zetu zijaribu hivyo kwa mwaka mmoja: kufungua kikao kwa saa iliyotangazwa hata wakiwepo watu watano, na kukifunga kwa saa iliyotangazwa hata ajenda ikibaki. Fundi, mama lishe na mwalimu wangejua saa ngapi wanarudi kazini, nao wangekuja wengi zaidi.

Wateja nanyi mna nafasi yenu. Kabla hujatoa advansi, mwombe fundi akuonyeshe kazi anazodaiwa na mbao alizonazo. Akikasirika, rudisha fedha yako mfukoni uende karakana nyingine.

Fundi seremala,
Lizaboni, Songea