Mdogo wangu, hiyo harufu uliisikia kwa masikio kwanza

Mdogo wangu,

Voisi yako ya juzi nimeisikiliza mara tatu na bado imenikaa rohoni, ile uliyosema kwenye basi hapo Cluj, Romania, alipanda mama mmoja wa Kiroma, ile jamii inayobaguliwa huko Ulaya, hao mnaowaita majipsi, ukahama siti "maana wananuka bwana, kila mtu huku anajua". Mimi nimekwama hapo, kila mtu anajua. Kwa Kiswahili chetu harufu tunaisikia, si ndio, na hii nadhani uliisikia kwa masikio kabla ya pua, ulishaambiwa na mwenye nyumba, ukaambiwa na wenzio chuoni, ndo ukapanda nayo kwenye basi.

We unajua Pata Rât ilipo? Ni hapohapo mjini kwako, pembeni ya dampo. Desemba 2010, baridi yote ile, manispaa ilizitoa familia 76 hivi, karibu zote za Kiroma, mtaa wa Coastei katikati ya mji, watu wana kazi zao na watoto wako shule, ikawasukumia huko kwenye takataka, wengine wakapewa vyumba ambavyo familia nne zinatumia bafu moja. Afu mtu akitoka huko asubuhi kupanda basi watu wanaziba pua! Yani umlaze mtu jalalani halafu umwambie ananuka?

Na wakubwa nao wanasema hadharani. 2013 huko Nice, Ufaransa, mwanasiasa Jean-Marie Le Pen alisema mbele ya watu kwamba Waroma wa pale wanawasha ngozi na wana harufu, mpaka 2017 mahakama ya rufaa ikampiga faini ya yuro 5,000.

Kinachoniuma zaidi, Waroma wanaoshika mila wana masharti ya usafi kumzidi hata bibi yetu, na unajua bibi alivyokuwa. Beseni la vyombo halifuliwi nguo kabisa, nguo za juu na za chini ya kiuno hazichanganywi, ukichanganya ni marime, yani najisi. Bibi angekaa nao vizuri sana.

Na wewe mwaka jana ulinipigia unalia, mwenzio wa chumba kafungua madirisha yote kisa umepika dagaa, ukaniuliza dada hivi mimi nanuka? Sijasahau.

Yule mama alishukia kituo gani? Ulimsalimia?

Dada yako