Mpwa wangu, usiipite Mkunguni

Mpwa wangu mpendwa,

Mama yako ameniambia umeshakata tiketi ya kuja Lamu, na kwamba ukifika tu utaunganisha boti hadi kijiji cha Shela, ukalale mchangani. Nakuandikia hadharani kwa kuwa wageni wengi hufanya vivyo hivyo, na mimi mjomba wako jambo hili huniuma. Wanakuja Lamu, mji wasiuone.

Teremka gatini mjini. Ingia ndani hatua chache kutoka baharini, utatokea Mkunguni, uwanja ulio mbele ya Ngome ya Lamu. Kaa chini ya kivuli cha miti ya mikungu. Kamera iache mfukoni kwanza; waamkie wazee wanaocheza bao, ujitambulishe wewe ni mtoto wa nani. Ukishajulikana, kila mmoja atakuwa na lake la kukuonyesha.

Kisha itazame Ngome vizuri. Watu wa Lamu waliwashinda watu wa kisiwa cha Pate na ukoo wa Mazrui uliotawala Mombasa katika vita vya Shela, lakini wakabaki na hofu ya kulipiziwa kisasi, ndipo wakaomba ulinzi kwa Seyyid Said, mtawala wa Oman. Ngome ikajengwa, na ujenzi ukakamilika mwaka 1821. Ushindi wenyewe ndio uliofungulia mlango utawala wa Oman! Kila nipitapo pale hulifikiria hilo. Baadaye, kuanzia 1910, serikali ya kikoloni iligeuza Ngome jela, na jela ikabaki mpaka 1984. Sisi wa rika langu tulikuwa tukipita mbali na lile lango. Leo watoto wanaingia kutazama maonyesho, na furaha ninayoipata nikiwaona wakikimbilia ndani siwezi kukueleza. Panda mpaka juu, uone mapaa ya mji na kisiwa cha Manda ng'ambo ya maji.

Soko liko ubavuni mwa Ngome. Nenda asubuhi, samaki wangali wabichi. Msikiti wa Pwani nao uko karibu, ule unaosemekana kuwa wa mwaka 1370.

Kutoka uwanjani shika Usita wa Mui, njia kuu ya mji, kuelekea kaskazini, uingie mtaa wa Mkomani. Huko ndiko kwenye majumba ya mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, milango ya nakshi na madaka, yaani vibaraza vya mlangoni, ya kukaa wageni. Ukisikia "simile!" nyuma yako, jibane ukutani, punda anapita na mzigo. Kwenye Usita wa Mui huohuo iko nyumba iliyokuwa posta ya Wajerumani, 1888 hadi 1891, walipokuwa na maslahi yao Witu, bara. UNESCO iliuandika mji huu katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, lakini hizi si nyumba za maonyesho. Watu wanazaa na kuozesha watoto wao humo, basi usichungulie madirishani.

Upande wa mtaa wa Langoni kuna Msikiti wa Riyadha, aliouanzisha mwanachuoni Habib Swaleh. Ungekuja Mfungo Sita, mwezi wa kuzaliwa Mtume, ungekuta watu wa pwani nzima wamejaa kwa Maulidi, na uwanja wote ni ngoma na wageni. Mwaka ujao panga safari yako hivyo, nakuomba.

Shela nenda siku ya pili. Kwa miguu ni kama kilomita 3 ukifuata pwani, ila uliza kwanza maji yanajaa saa ngapi.

Mjomba wako