Mawakala wa tiketi watuambie masaa ya kweli ya kwenda China

Mhariri, naomba nafasi niseme na hawa mawakala wa tiketi za ndege wa hapa mjini, maana sisi wafanyabiashara wa Kariakoo tunaofuata mzigo Guangzhou tunaumia kimyakimya.

Ukiuliza ni masaa mangapi unaambiwa "unaondoka jioni unafika asubuhi", basi, hela imeshatoka. Hilo sio jibu. Saa zilizoandikwa kwenye tiketi kila moja ni ya nchi yake, kuondoka ni saa za Dar, kufika ni saa za kule, na China wako mbele yetu masaa 5. Tuseme imeandikwa unatoka 17:00 unafika 08:00 kesho yake, ukihesabu kwa vidole unapata masaa 15, kumbe kule ikiwa saa 2 asubuhi huku kwetu ni saa 9 usiku, kwa hiyo angani umekaa masaa 10 tu. Kurudi ndo kinyume, unatoka 10:00 unafika Dar 16:00, karatasi inaonyesha 6 wakati ni 11, na hiyo saa moja iliyozidi yale masaa 10 ya kwenda mara nyingi ni upepo wa huko juu unaovuma toka magharibi kwenda mashariki, wakati wa kwenda unaisukuma ndege, wakati wa kurudi unaipiga usoni.

Halafu umbali. Kwa mstari ulionyooka Dar mpaka Guangzhou ni kama kilometa 8,700, na hizi ndege kubwa zinakwenda karibu 900 kwa saa. Ukipitia Dubai inakuwa kama 9,800, ukipitia Addis Ababa nayo hivyohivyo, yaani umeongeza kilometa 1,100 ambazo kwa ndege ni saa moja na kitu. Sasa mtu akikuuzia safari ya masaa 22 ujue sio umbali huo, ni kukaa eapoti ya watu unasubiri ndege ya pili. Mimi sikatai, bei inakuwa nafuu na mwenye nguvu zake atalala kwenye viti, lakini mzee mwenye sukari au mama mwenye kichanga anatakiwa ajue kabla hajalipa, sio akishafika huko.

Kinachoniuma zaidi ni tarehe. Mama mmoja wa mtaani kwetu alikatiwa tiketi ya 00:45 tarehe 15, wakala akamzungushia hiyo 15 kwa peni nyekundu, saa hakuigusa wala hakusema neno. Mama wa watu kafika Terminal 3 tarehe 15 usiku na mabegi yake, ndege ilishaondoka usiku wa kuamkia hiyo 15, alitakiwa awe pale tarehe 14 saa 4 kasorobo usiku, tena foleni ya barabara ya Nyerere aihesabu mwenyewe. Hela haikurudi.

Ninachoomba ni wakala aandike kwa mkono nyuma ya risiti: angani masaa mangapi, kusubiri masaa mangapi, uwe eapoti usiku wa kuamkia tarehe ngapi. Haimalizi hata dakika 2. Wasipofanya kwa hiari basi mamlaka ya usafiri wa anga iwalazimishe, kwa sababu tiketi ya China wengine wetu tunaikopea.

Mfanyabiashara, Kariakoo
Dar es Salaam