Baraza Limegeuka Fremu: Risala ya Wanakikoba wa Magomeni kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa na wajumbe wako,
Viongozi wetu wa dini,
Wazee wetu, wanakikoba wenzangu, na majirani mliosimama pale nje kwa kukosa viti,

Asalaam aleykum. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo.

Kwanza ahsante kwa kufika. Ratiba ilisema saa nne, lakini barabara ya Morogoro tunaijua, kwa hiyo hakuna aliyenuna. Akina mama wamepata nafasi ya kupalia makaa ya pilau mara ya pili. Karibu sana Magomeni katika siku yetu ya kuvunja kikoba, yaani kugawana akiba tuliyoweka na kukopeshana.

Kwa desturi risala kama hii huwa ya hesabu: wanachama wangapi, hisa kiasi gani, nani amekopa akarudisha, nani siku hizi anazunguka mtaa wa nyuma asipite mlangoni kwa mhazini. Hesabu hizo zimo kwenye bahasha tuliyokukabidhi, na zimekaa vizuri, kwani mhazini wetu ni mwalimu mstaafu wa hisabati. Naomba nisizisome. Tulipokaa kuandaa shughuli hii, mimi katibu nilikuja na rasimu ya kuomba mashine ya kufyatulia tofali. Nikaisoma hadi mwisho. Mwanachama mmoja, mama lishe, akauliza bila kuinua kichwa kwenye mchele aliokuwa akiuchambua: "Tofali za kujenga wapi, katibu?" Watu wakacheka, halafu wakanyamaza. Rasimu ikachanwa. Hii ninayoisoma imetokana na jioni tatu za kubishana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kikoba hiki kilizaliwa uani. Nasema uani kwa maana yake hasa. Nyumba ya bibi yetu mmoja, ambaye sasa ni marehemu, ilikuwa ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, korido katikati, baraza mbele, ua nyuma wenye choo, bafu na mabanda ya kupikia. Kila chumba familia yake. Mita ya LUKU moja, na ugomvi wa nani amewasha pasi. Tulianza kwa kuweka shilingi elfu moja kwa wiki kwenye kopo la maziwa, tumekaa mkekani, bibi mwenyewe akiwa hakimu. Hakuwa na cheo, ila mtu akichelewesha rejesho alikuwa anamwita amchunie mboga, na huko kwenye mboga deni lilipatiwa siku ya kulipwa.

Bibi alipofariki, warithi waliuza. Hatuwalaumu. Nyumba moja, watoto saba wa baba wawili, wengine Mwanza, mwingine Muscat. Mnagawana nini, mlango? Dalali alikuja na mnunuzi asubuhi, mchana wakaenda kuandikishana kwa mwanasheria, na wapangaji tukapewa wiki tatu. Waliokuwa wamelipa kodi ya miezi sita walirudishiwa kwa kusumbuana. Leo hapo pana ghorofa nne. Chini fremu za maduka, juu stoo za mizigo ya Kariakoo, na taa za mlinzi usiku kucha.

Mtu asiyeishi huku atadhani tunachukia maghorofa. La. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 mkoani Dar es Salaam, na ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Watu milioni moja zaidi katika miaka kumi hawawezi kukaa wote chini kwenye vyumba sita. Na ule uani tunaousifia ulikuwa na choo kinachofurika kila masika. Mwenye kuukumbuka kwa mapenzi tu, basi hakuwa na zamu ya kukisafisha. Mji ukue. Shida yetu ni kwamba unakua kwa kututoa. Wenzetu waliohama pale kwa bibi wametawanyika Mbagala, Kivule, Goba na Chanika. Yule mama lishe niliyemtaja bado anauza chakula hapa Magomeni Mapipa, wateja wake wako hapa, lakini anaamka Chanika saa tisa usiku. Tulipiga hesabu ya nauli yake ya mwezi tukakuta inazidi kodi aliyokuwa akilipa kwa bibi.

Zamani mpangaji alikuwa na pa kukimbilia. Ilikuwepo sheria ya kudhibiti kodi za pango, ikafutwa mwaka 2005. Wapo kati yetu, hasa wenye nyumba, wanaosema ilifutwa kwa haki, kwa sababu mpangaji aliweza kukaa miaka kumi kwa kodi ya sigara. Tumelibishania hilo hadi usiku na hatukupatana. Tulichokubaliana ni kwamba tangu hapo mpangaji na mwenye nyumba wanabaki wawili chumbani, na mmoja wao ndiye mwenye ufunguo.

Mfano mzuri tunao hapa hapa, nao tunautaja kwa moyo mweupe: Magomeni Kota. Kaya 644 ziliondolewa, kota zikabomolewa, eneo likabaki pori katikati ya mji kwa miaka. Mwaka 2016 Hayati Rais John Magufuli aliahidi kuwajengea upya, na Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akazizindua nyumba 656. Watu walirudi, Mheshimiwa. Wengine walirudi kwa majina ya watoto wao, kwa sababu wenyewe walikwishazikwa huko walikohamia. Kisha ikatajwa bei kwa atakayetaka kununua, zaidi ya milioni 48 kwa nyumba ya chumba kimoja na zaidi ya milioni 56 kwa vyumba viwili, na mjadala ukaanza upya. Kwetu sisi somo la Kota ni dogo: majina yalikuwa yameandikwa. Kwa kuwa orodha ya kaya 644 ilikuwepo, palikuwa na wa kurudishwa. Wapangaji wa nyumba za watu binafsi hawapo kwenye orodha yoyote. Ghorofa likisimama, hakuna hata karatasi inayoonyesha kwamba pale tuliwahi kulala.

Sasa niingie kwenye jambo ambalo mwenyekiti wetu aliniomba nilipitie haraka, na wanachama wakaniomba nisilipitie haraka.

Nyumba ya Mwalimu Nyerere iko hapa Magomeni, leo ni makumbusho, watoto wa shule wanaletwa kwa mabasi. Wazee wetu wanaokumbuka simulizi za baba zao wanasema siasa za TANU mitaa hii zilikuwa siasa za barazani. Hapakuhitajika ukumbi wala kibali. Mtu alikaa kwenye baraza la mwenziwe, kahawa ikapita, kashata ikafuata, na hoja ikajadiliwa na kila anayepita njia. Aliyepinga alipinga mbele ya macho ya watu, na kesho alirudi kucheza bao.

Mabaraza hayo, ukianzia kona ya msikiti hadi mwisho wa mtaa wetu, yaliyobaki unayahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Mengine yamegeuzwa fremu hata kabla nyumba haijauzwa, maana fremu moja inalipa kuliko vyumba vitatu. Mazungumzo yakahamia kwenye simu, kwenye magrupu. Tukaona ni maendeleo, na kwa kiasi fulani ni maendeleo.

Halafu ikaja Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu. Mheshimiwa, unayajua yaliyotokea katika jiji hili, nasi tunayajua: maandamano, risasi, vituo vya mwendokasi kuchomwa, amri ya kutotoka nje, intaneti kuzimwa kwa siku kadhaa. Watu walikufa, Serikali yenyewe imekiri, hata kama idadi inabishaniwa mpaka leo, na Rais aliunda tume ya kuchunguza. Sisi si tume. Tunasema tu tulichokiona kwa macho ya mtaa. Simu zilipokufa, zile nyumba chache zenye uani zilijua habari zao: nani hajarudi, mtoto wa nani yuko kwa shangazi Sinza, nani ana unga na nani hana. Kwenye ghorofa jipya watu walifunga mageti ya vyuma, kila mmoja na mlango wake. Dada mmoja wa orofa ya tatu alitueleza baadaye kwamba alikaa siku nne asijue kama jirani wa ukuta mmoja alikuwa hai.

Ninaposema maoni ya wakazi, usidhani tuna sauti moja. Mzee wetu mmoja, mwanachama wa CCM mwenye kadi ya zamani aliyoitia nailoni, anasema vijana wameharibu mali ambayo wao wenyewe ndio wanaipanda kila asubuhi, na kwamba aliyewahi kusukumana kwenye daladala za Posta miaka ya tisini asingechoma kituo. Kijana wa bodaboda akamjibu kwa adabu, "Babu, wewe uliwahi kumchagua mwenyekiti wa mtaa. Mimi nimemkuta kachaguliwa." Alikuwa akizungumzia uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024, ambapo wagombea wengi wa upinzani walienguliwa na chama tawala kikachukua zaidi ya asilimia 98 ya mitaa nchini. Mwenyekiti wetu yupo hapa, anatabasamu. Yeye ni mchapakazi na tunamheshimu, na yule kijana ndiye aliyempakia leo asubuhi kwenda kuchukua viti. Mama mmoja muuza vitumbua akawaambia wote wawili kwamba yeye siasa hataki, anataka kujua kama Desemba italala salama, kwa sababu Desemba 9, 2025 sherehe za Uhuru zilifutwa, watu wakaambiwa wakae nyumbani, na unga wake wa vitumbua ukachacha.

Katibu naomba niseme langu moja. Naona yule babu na yule kijana wana ugonjwa mmoja. Wote wawili hawakuulizwa. Babu nyumba ya jirani yake ilichimbwa handaki hatua tatu kutoka ukutani kwake, ukuta ukapasuka, na hadi tingatinga linafika alikuwa hajaona bango wala kusomewa kibali. Hofu yake si ya bure: Novemba 16, 2024 ghorofa lilianguka Kariakoo na kuua watu, na Kariakoo kwetu ni kuvuka Jangwani tu. Kijana naye anapewa nafasi ya kusema kila baada ya miaka mitano, na mara nyingine anakuta karatasi ina jina moja.

Kuhusu Jangwani kwenyewe sitasema mengi. Mvua ikinyesha barabara inafungwa, sisi tunageuka kisiwa, na daraja tunaliona linajengwa. Tunasubiri.

Basi maombi yetu. Tunaomba mtaa uwe na daftari la wapangaji, liandikwe na kutunzwa, ili nyumba ikiuzwa ijulikane waliokuwemo ni akina nani na notisi yao ni ya muda gani. Tunaomba kibali cha ujenzi kisomwe kwenye mkutano wa wakazi kabla ya tingatinga kufika, na mkutano huo uitwe jioni au Jumapili, kwa sababu ukiitwa saa nne asubuhi ya Jumanne wanaokuja ni wenye nyumba na madalali.

La tatu wanachama wengine waliona ni dogo mno kwa mgeni wa hadhi yako, lakini lilipata kura nyingi kuliko yote. Tunaomba kipande cha ardhi kisichouzwa. Mwaka jana tulifiwa na mwanachama aliyekuwa amepanga orofa ya pili. Mwenye jengo akakataa turubai mbele ya maduka yake, barabarani magari ya mizigo yamepaki, na ngazi ni nyembamba, jeneza liliposhuka ilibidi lisimamishwe wima kwenye kona. Akina mama walikaa msibani kwenye ngazi, mmoja juu ya mwingine, kama wanasubiri daktari. Tulitoa rambirambi zetu pale pale kwenye ngazi. Tunataka sehemu ya kuweka turubai, Mheshimiwa. Siku ambazo hakuna msiba, watu watakaa wacheze bao, na wakitaka kuisema Serikali wataisema hapo hapo mbele ya mwenyekiti, naye atajibu.

Mashine ya tofali tutaiomba mwakani.

Pilau iko tayari, na zawadi yako ni kanga mbili na mkeka uliosukwa na wanachama. Ukimaliza kula, kabla hujapanda gari, tunakuomba dakika kumi uje ukae kwenye baraza la yule babu mwenye ufa. Kahawa imeshatengwa jikoni, na kijana wa bodaboda ameahidi kuwepo.

Tunaomba kuwasilisha.

Imesomwa na Katibu, kwa niaba ya wanakikoba.