Shangazi, njoo tuzunguke ziwa

Shikamoo shangazi,

Juzi kwenye simu nilivyokwambia nimetembea kama kilomita 6 kuzunguka ziwa nikarudi palepale nilipopaki gari, ulicheka mpaka ukakohoa, ukaniuliza "sasa ulikuwa unaenda wapi?" Aisee nilikosa jibu. Nakujibu hapa, najua watoto watakusomea.

Linaitwa Loch Kinord, hifadhi ya Muir of Dinnet, huku Uskoti magharibi ya Aberdeen. Loch ndo ziwa kwa lugha yao ila wewe wa Ukerewe ukiliona utasema hili bwawa la kunyweshea ng'ombe, na mimi sitabisha. Njia karibu yote tambarare, uangalie mizizi tu, masaa mawili kwa mwendo wa kinyonge, kwa hiyo goti lisiwe kisingizio.

Kilichonifanya nikuwaze ni kisiwa. Kidogo tu, kimeota miti, unaweza kukipita hivihivi kumbe kilitengenezwa na watu, zamani hizo walirundika mawe na magogo majini mpaka yakachomoza wakajenga juu yake. Yaani sisi tuliozaliwa kisiwani tunagombania kivuko, wenzetu wanahangaika kujitengenezea kisiwa ili wakae mbali na watu! Kisiwa kingine kilikuwa na ngome, Bunge lao likaamuru ibomolewe mwaka 1648, leo wenyeji ni bata.

Halafu kuna jiwe limechongwa msalaba wa kusukwasukwa kama ukili wa mkeka, la karne ya 9 hivi, nililisogelea nikawa nafuatisha msuko mmoja kwa macho nione unaishia wapi, nikapotea, nikaanza upya, nikapotea tena. Wewe msuka mikeka utauona mwisho wake.

Tukirudi kwenye gari, kama bado una nguvu, kuna kijito pale Burn o'Vat, unapenya katikati ya mawe, maji yanapita chini ya buti, mara uko ndani ya kinu kikubwa cha mwamba kisicho na paa. Barafu ya kale ilipoyeyuka maji yake yalizungusha mawe humo yakachimba mwamba, kama mchi vile.

Kupe wapo, suruali tutaichomeka kwenye soksi, usinibishie. Chai na maandazi nabeba mimi. Nitumie namba ya kiatu ninunue buti, namba ya kweli, sio ile unayowatajia wauza duka.